Viti Viwili vya Mama Pasi

Mama yangu alipiga pasi nguo za nusu ya mtaa na sare za kituo kizima cha polisi, na kazi hiyo aliifanya huku akigomba. Aligomba na mkaa uliochelewa kushika moto, na wateja walioacha kalamu za wino mfukoni, na mawingu, na mimi. Mimi nilipata fungu kubwa kwa kuwa nilikuwa karibu. Mtaa ulimwita Mama Pasi, na jina hilo lilimkaa kiasi kwamba ukimwita kwa lile la kwenye kitambulisho alikuwa akigeuka aone ni nani anayeitwa.

Bado yupo, namshukuru Mungu, na bado anagomba, ingawa siku hizi anaanza kwa kukuuliza una nini. Habari ya huko kuuliza ndiyo ninayotaka kuisimulia, kwa sababu hakuzaliwa nayo. Alifundishwa kituo cha polisi.

Baraza letu ndilo lililokuwa karakana yake. Palikuwa na meza ndefu ya mbao iliyotandikwa blanketi kuukuu na juu yake shuka jeupe, pasi mbili za mkaa, moja ya umeme kwa siku ambazo umeme ulitukumbuka, na chupa ya plastiki aliyoitoboa kifuniko kwa msumari ili anyunyizie maji. Shati alilianza kwenye kola, akaenda mabegani, mikononi, na mgongo ukawa wa mwisho. Suruali za askari, ambazo kitambaa chake ni kizito na hushika mng'ao mbaya pasi ikizidi, alizilaza chini ya kitambaa kibichi na kukandamiza hadi mvuke ukampanda usoni. Nguo iliyokwisha ilitundikwa kwenye henga, na henga kwenye bomba la chuma lililotoka nguzo moja hadi nyingine, mbele kabisa, wapita njia waone. Baba alifariki nikiwa mdogo, na bomba hilo ndilo lililotulisha na kunisomesha.

Asubuhi moja tukakuta henga mbili tupu. Blauzi nyeupe na sketi nyeusi za karani wa benki, mteja wetu wa miaka, hazikuwepo. Mama alitafuta chini ya meza, akatafuta ndani, akanishuku mimi kidogo, kisha akakaa kwenye kigoda na kunyamaza, jambo lililonitisha kuliko kelele zake zote. Karani alipokuja hakugombana. Alisema, "Sawa, mama," akaondoka, na tangu hapo tulimwona akipita upande wa pili wa barabara na mfuko wake wa nguo, anakwenda kwa dobi mwingine.

Haikupita wiki, muuza mboga wa kona akaja mbio kutuambia kuwa kuna msichana kakamatwa karibu na geti la hoteli, kavaa blauzi ile ile, na watu wanampiga. Mama alitoka mkuku, mkononi bado kashika chupa yake ya maji. Mimi nyuma. Tulikuta mduara wa watu na katikati binti mwembamba, pengine wa miaka kumi na sita, kakaa chini amejishika kichwa. Damu ilimtoka kwenye paji la uso.

"Mwacheni," Mama alisema, akapenya kwa viwiko. "Kaniibia mimi, hakuwaibia nyinyi. Huyu mwizi ni wangu."

"Mama Pasi, tunakusaidia kumfunza adabu," jamaa mmoja akasema.

"Adabu yenyewe ya kugawa umeitoa wapi?"

Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomwokoa yule binti, maana mkono unaocheka haupigi vizuri. Mama akamshika kifundo cha mkono na kumpeleka kituoni yeye mwenyewe, akimsema njia nzima.

Kaunta alikuwepo koplo mmoja ambaye suruali zake tulizijua vizuri kuliko alivyozijua mkewe. Aliandika malalamiko, na penye nafasi ya mlalamikaji akaandika "Mama Pasi", kwa kuwa hata yeye hakuwahi kusikia jina jingine. Akatuambia tusubiri kwenye benchi, mtoto huyu bado mdogo, atashughulikiwa na dawati la vijana. Kisha zamu yake ikaisha, na kesho yake akaenda likizo. Kama asingekwenda likizo, nisingekuwa na cha kusimulia.

Kwenye benchi Mama hakutulia. "Umevaa blauzi ya watu kama gunia," alimwambia yule binti. "Kifungo cha juu kwenye tundu la pili, ndiyo nini hiyo? Simama." Akamfungua vifungo na kuvifunga upya kimoja kimoja, akamkunjua kola. Akalowesha ncha ya mtandio wake kwa maji ya chupa na kumfuta damu usoni. "Ungekufa leo, unajua? Ungekufa umefunga vifungo kombo. Tazama hapa kwapani, umeshaichana. Umri wote huu hujui kuvaa."

Sajenti wa dawati la vijana alikuwa mwanamke, amehamia kituoni juzi tu. Alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake akitutazama kwa muda. Aliona kile ambacho mtu yeyote angekiona, mama anamgombeza mwanawe. Hata mimi, mwanawe wa kumzaa, ningeapa.

"Mlezi, ingia na mtoto," akasema.

Mama aliingia akidhani anakwenda kueleza habari ya wizi. Mimi nilibaki kizingitini, kwa hiyo nilisikia yote. Sajenti hakumpa nafasi ya kueleza. Alikuwa mtu wa haraka, anayesema huku akipanga karatasi. Alisema kuna mpango wa kuwaepusha vijana na mahakama, kwa wale waliokosea mara ya kwanza na kosa lenyewe si kubwa. Mtoto akiri kosa. Awepo mlezi wa kukaa naye nyumbani na kumleta kwa mshauri kila Jumamosi. Na mwishoni mlalamikaji amsamehe uso kwa uso, hapo ndipo faili linafungwa. Akaongeza kwamba mlezi lazima awe mtu asiye na kesi na mtoto, maana huwezi kumlea mtu na kumshtaki kwa pamoja.

Mama alikuwa ameshafungua mdomo. Akaufunga, kisha akauliza, "Na kama hana mlezi?"

"Jioni hii anakwenda mahabusu. Baada ya hapo mahakamani. Kwani wewe si mlezi wake?"

Mama akamtazama yule binti, aliyekuwa kainamisha kichwa anahesabu vidole vyake vya miguu. Ile sura ya Mama naijua. Ni sura aliyoitoa akiletewa shati zuri lililoungua na mtu mwingine.

"Nipo mimi," akasema, akaandikisha jina lake la kwenye kitambulisho.

"Vizuri. Mlalamikaji anaitwa Mama Pasi. Unamfahamu?"

"Namfahamu, afande. Ni mkali, lakini si mtu mbaya. Atasamehe."

Nilipaliwa na mate yangu mwenyewe. Mama akanitupia jicho moja, nikamaliza kukohoa kimya kimya.

Njiani kurudi nyumbani tulikuwa watatu, na mimi ndiye niliyekuwa nimevimba kwa hasira. "Mama, umeleta mwizi nyumbani kwetu."

"Nimeleta mtoto aliyepigwa. Ulitaka alale mahabusu?"

"Na siku Mama Pasi akiitwa kituoni?"

"Siku hiyo haijafika," akasema, akaongeza mwendo.

Nyumbani kulikuwa na vyumba viwili na vitanda viwili, kwa hiyo yule binti alilala kwangu, wasichana wawili kitanda kimoja. Nilikuwa nimetimiza miaka kumi na minane, nimemaliza sekondari, nasubiri majibu ya mtihani, na nilijiona mtu mkubwa mwenye haki ya kitanda chake. Nilifungia vitu vyangu kwenye sanduku na kulala na ufunguo chini ya shavu. Mama alisema utanitoboa. Binti mwenyewe hakusema lolote. Ukimsalimia aliitikia kwa kichwa, ukimpa chakula alipokea kwa mikono miwili na kula akitazama ukuta. Nikampa jina la Chiriku, kwa kejeli, kwa kuwa chiriku huwa hanyamazi. Hata hilo halikumtoa neno.

Jumamosi ya kwanza Mama aliporudi naye kutoka kwa mshauri alikuwa anafoka. Mshauri mwenyewe alikuwa kijana mwembamba ndani ya koti kubwa, na kila baada ya sentensi mbili alisema, "Hapo tuchukue muda." Chumba alichopewa kilikuwa nyuma ya kituo, mahali wanapoweka vielelezo, hivyo mliongea mambo ya moyoni huku mmezungukwa na baiskeli zisizo na magurudumu na redio zilizofumuliwa.

"Kaniacha mtoto, kaniuliza mimi," Mama alilalamika. "Eti, mama, ukikasirika unafanya nini? Nikamwambia napiga pasi. Akasema tuchukue muda. Muda wa nini?"

Jumamosi ya pili alirudi kimya. Ya tatu, nikiwa nimeunguza wali na nimejiandaa kupokea za uso, alisimama juu ya sufuria, akavuta pumzi, akasema, "Mwanangu, naona wali umeungua. Wewe mwenyewe unajisikiaje?"

Nilimgusa paji la uso nione kama ana homa.

Lakini aliendelea. Mwanzoni alikuwa kama mtu anayevaa viatu vya kuazima, maneno ya mshauri yalimpwaya, na mara nyingi alianza na "nakusikia" na kumaliza na "mjinga wewe". Yule kijana alimwambia mlezi akimkaripia mtoto kabla ya kumuuliza anapata utii na anakosa habari. Mama alilibeba neno hilo nyumbani kama mzigo, akalizungusha siku kadhaa, na alasiri moja tukikunja mashuka wawili, kila mmoja kashika ncha zake, akaniuliza ninataka kuwa nani majibu yakitoka. Hakuwahi kuniuliza. Siku zote aliniambia nitakuwa nani. Nilimwambia nataka kusomea uuguzi na kwamba naogopa damu. Hakucheka. Alisema, "Basi tutaanza na hiyo damu." Nililia mbele ya shuka la watu. Kwa hiyo ikiwa yupo aliyefaidika mapema na mpango ule wa polisi, ni mimi, ambaye sikuiba kitu, na sina pa kupeleka shukrani zangu isipokuwa hapa.

Chiriku naye alikuwa anabadilika, ila taratibu na pembeni. Alianza kwa kuchochea mkaa bila kuambiwa. Kisha akashika chupa ya maji. Mama alimfundisha kola, na nikaona kwa wivu kwamba ana mkono mwepesi kuliko wangu. Blauzi ya karani aliishona pale kwapani kwa mishono ambayo ilibidi uigeuze ndani nje ndipo uione, akaifua, akaipiga pasi, Mama akaipeleka benki na sketi yake. Nguo za watu zilining'inia bombani siku nzima, yeye yupo hapo hapo, na hakuna hata soksi iliyopotea. Siku nyingine niligundua kuwa ufunguo wa sanduku langu ulikuwa umekaa tunduni tangu sijui lini.

Ila kwa mshauri hakutamka neno. Alikaa kati ya zile baiskeli, akaitikia kwa kichwa, akarudi nyumbani. Mshauri alisema hana wasiwasi, na aliposema hivyo alionekana ana wasiwasi. Na sajenti alikuwa na haraka yake. Alitaka ile siku ya msamaha ifanyike. Alimtuma askari kijana kumwita Mama Pasi. Kijana yule akaja hadi barazani, akasema, "Shikamoo Mama Pasi, unaitwa kituoni Jumamosi, kesi ya yule mwizi wako," na Mama akajibu, "Marahaba, nimesikia." Jumamosi ikafika, Mama akakaa kwenye kiti cha mlezi, na kiti cha mlalamikaji kikabaki kitupu. Akaitwa mara ya pili. Ikawa vile vile. Sajenti akaanza kumsema huyo Mama Pasi kwamba ana dharau, na Mama akawa anatikisa kichwa kumuunga mkono.

Mara ya tatu ujumbe ulikuja na makali yake. Mama Pasi asipofika Jumamosi hii, faili linakwenda mahakamani Jumatatu.

Ijumaa mchana Mama aliniangalia kwa jicho la kunipima, kuanzia miguuni kupanda.

"Hapana," nikasema kabla hajatamka. "Siwezi kuwa Mama Pasi. Nitauunguza hata uongo wenyewe."

"Sijasema kitu."

"Mwambie sajenti ukweli, mama."

"Nikimwambia ukweli mimi si mlezi tena, na asiye na mlezi anakwenda mahabusu. Nisipomwambia, Jumatatu anakwenda mahakamani." Akachukua pasi, akaiweka, akaichukua. "Kokote nikigeuka anakwenda."

Chiriku alikuwa nyuma yetu anachochea mkaa. Mkono wake ulisimama, kisha ukaendelea.

Kesho yake tulikwenda wote watatu, kwa kuwa Mama alisema peke yake miguu haitamfikisha. Chiriku alibeba mfuko wa plastiki mweusi, na sikuuliza una nini. Kwenye chumba cha vielelezo viti viwili vilikuwa vimewekwa vinatazamana, kimoja cha mlezi na mtoto wake pembeni, kingine cha mlalamikaji. Mshauri alikaa mezani katika koti lake. Mimi nikapata pa kukaa juu ya redio kubwa isiyo na spika. Sajenti aliangalia saa, akaangalia kile kiti kitupu, akaita mlangoni.

"Koplo, nenda kanitafutie huyo Mama Pasi, uje naye hata kwa pingu."

Aliyeingia alikuwa koplo wetu wa kaunta, amerudi likizo, amenenepa kidogo. Alimtazama sajenti, akamtazama Mama, akabaki mdomo wazi. Nadhani alikuwa anafikiria suruali zake.

"Usihangaike, mwanangu," Mama akamwambia. "Nipo."

Akasimama. Akakivuka kile chumba, hatua zake zilikuwa nzito kama za mgonjwa, akazunguka na kukaa kwenye kiti cha mlalamikaji. Akapanga nguo yake magotini.

"Mama Pasi ni mimi," akasema. "Afande, utaniuliza baadaye. Kwanza niseme kama mlalamikaji, maana nimeitwa mara tatu."

Sajenti alinyanyua mkono kumzuia, na mshauri, Mungu amzidishie, akasema, "Hapo tuchukue muda."

Mama akamgeukia Chiriku. Nilidhani atampunguzia. Hakumpunguzia hata tone. Alimwambia kwamba nguo ya mtu ikiwa barazani kwake ni amana, na yeye amekaa miaka yote hiyo bila kupoteza hata kifungo. Alimwambia habari ya karani aliyesema "sawa" tu, na kwamba sawa ile ilimchoma kuliko matusi, na kwamba hata baada ya kurudishiwa blauzi yake karani bado anapita upande ule mwingine wa barabara. Alisema kuna siku aliogopa kwamba mtaa mzima utahama na mwanawe hatasoma. "Uliniumiza," akasema. "Sikuwahi kukuambia, kwa kuwa nyumbani nilikuwa mlezi wako. Sasa nakuambia."

Kisha akainuka. Akarudi kwenye kile kiti cha kwanza, karibu na Chiriku, akakitazama kiti alichokiacha kana kwamba kuna mtu amekaa pale. Hapo hakuna aliyecheka, wala koplo mlangoni.

"Mama Pasi," akasema, "ni kweli yote uliyosema. Mtoto wangu amekukosea. Nimekaa naye, namjua sasa. Anaamka kabla yangu. Hajagusa cha mtu. Nakuomba umsamehe, na akirudia, nikamate mimi."

Akainuka tena, akavuka, akakaa. Alikuwa anahema. Akasema, "Nimemsamehe," akatoa mtandio na kujifuta uso wote.

Mshauri aliyapeleka macho yake kwa Chiriku, taratibu, hakumsukuma. "Na wewe?"

Tulisubiri. Nilikuwa nimeshazoea kwamba hatasema.

"Nilimaliza mitaa mingi siku ile," Chiriku akasema. Sauti yake ilikuwa nene, sikuitegemea. "Nilikuwa nafanya kazi za ndani, wakanifukuza na nguo niliyolala nayo. Bibi aliyenilea alishafariki, sina pa kurudi. Kila nyumba ina nguo kwenye kamba. Nilichukua kwa huyu mama kwa sababu zilikuwa zimepigwa pasi. Nilitaka kuomba kazi pale hotelini. Nilifikiri mtu aliyevaa vile hawamfukuzi getini."

"Walikufukuza?" sajenti akauliza.

"Hapana. Mlinzi aliniita dada. Wakaniambia nirudi siku inayofuata nianze kuosha vyombo. Ndiyo nilikuwa narudi, wakanikamata." Akamtazama Mama. "Hapa nilinyamaza kwa sababu mimi nilijua ni yeye. Aliyekuwa ananileta ndiye niliyemwibia. Kila Jumamosi nilisema leo atanitaja. Anipigie kelele, anipe chakula, anifundishe kola, halafu Jumamosi atanitaja. Nikiongea nitalia, na nikilia nitashindwa kuondoka vizuri. Nisamehe, mama. Ile kola nilivyoifanya siku ya kwanza ilikuwa mbaya, na hukusema."

"Ilikuwa mbaya sana," Mama akasema ndani ya mtandio.

Sajenti alikuwa amekaa juu ya meza bila kujijua. Alimwambia Mama kwamba amemdanganya. Mama akasema, "Afande, hukuniuliza nimekuwa mlezi tangu lini. Nilianza palepale mbele yako." Koplo akatoka nje haraka, tukamsikia anakohoa kicheko ukutani. Sajenti naye mdomo ulitaka kumponyoka, akauzuia. Kisha akawa mtu wa sheria tena, na nilimheshimu kwa hilo.

"Msamaha naupokea," akasema. "Lakini siwezi kuandika kwamba mlezi na mlalamikaji ni mtu mmoja. Hakimu akiliona hilo atanirudishia faili na mpango wenyewe watauona mchezo, na kuna watoto wengine nyuma yake. Faili bado halijafungwa, lina miezi ya uangalizi. Anatakiwa mlezi mwingine, mtu mzima, anayekaa naye nyumba moja. Nyumbani kwenu kuna nani?"

Mama hakunitazama. Alitazama redio niliyokalia, akawa anaitazama ile redio. Nilijua kwa nini. Mtu aliyeniamulia kila kitu tangu nizaliwe alikuwa anajizuia kwa nguvu zake zote asiniamulie hili.

Niliuliza mlezi anafanya nini. Sajenti akasema anakaa naye, anamleta Jumamosi, na mtoto akikosea, anayeitwa kujibu ni yeye. Nikafikiria chuo cha uuguzi, kama nitapata nafasi, na jina langu kwenye faili la polisi, na kitanda changu. Nilimwangalia Chiriku. Hakuwa ananiangalia kwa kuomba. Alikuwa ameshainama, ameshika ule mfuko wake mweusi na kuuweka magotini, na mdomo wa mfuko ulifunguka kidogo. Ndani mlikuwa na gauni Mama alilompa, mswaki, na kandambili. Kila kitu alichokuwa nacho. Alikuwa amekuja tayari kwa mahabusu, kajifungia mwenyewe mizigo asubuhi ile ili asitusumbue.

Sikujua kama mtu anaweza kuona aibu na kushukuru kwa wakati mmoja, lakini ndicho nilichokisikia. Nilishukuru kwamba nimeuona ule mfuko wakati bado nina la kufanya.

"Niandike mimi, afande," nikasema.

Sajenti akaniuliza umri, nikamwambia. Akaniuliza kama nimelazimishwa, nikamwambia katika nyumba yetu hiyo ni mara ya kwanza sijalazimishwa. Mama akapiga mguno. Sajenti akaandika, nikatia saini, na mshauri akanipa mkono, mkono wake wote ukiwa umepotea ndani ya lile koti.

Mama alikuwa ameshafika mlangoni, analalamika kwamba tumeacha mkaa unateketea bure na koplo ana suruali tatu za Jumatatu. Chiriku alibaki amesimama katikati ya chumba kati ya vile viti viwili, hajui atoke na nani kwa mlango upi. Nikamwendea, nikamnyang'anya ule mfuko. Ulikuwa mwepesi mno. Kifungo cha juu cha nguo yake alikuwa amekifunga tena kwenye tundu la pili.

"Unapeleka wapi vitu vya watu?" akaniuliza.

"Nyumbani," nikamwambia. "Tangulia, nitakufunga kifungo hicho njiani."